Laki nane na sitini na nane kwa mlo wa watu watatu Masaki: hasa tumelipia nini?

#1 Mizani_Kamili

Wakuu, salaam.

Jina la mgahawa siliweki, na PM msinitumie. Uko Masaki, unatazama bahari, taa hafifu, menyu haina picha hata moja. Wa ushuani mtajijua.

Mke wangu amemaliza CPA, ile mitihani ya uhasibu ya NBAA inayozeesha watu. Mama mkwe akaja kutoka Pangani kumpongeza binti yake, tukaona safari hii tusiishie kwenye kuku wa kuchoma. Nikapiga simu mapema, nikatuma laki moja ya kushikia meza, na nikaeleza waziwazi kwamba tutakuwa na mama mtu mzima asiyekula nguruwe wala kitu chochote chenye pombe. Dada wa upande wa pili akajibu, "Nimeandika, kaka."

Menyu ni moja kwa wote, kozi tano, 185,000 kwa kichwa. Niseme mazuri kwanza. Mkate waliotuletea mwanzoni ulikuwa wa moto, na siagi yake ina iliki kwa mbali, sijawahi kula mkate wa namna hiyo mjini hapa. Kitonge cha kamba na embe bichi nacho kilikuwa kitamu.

Halafu akaja mhudumu na pweza. Kijana mtanashati, akaanza kutuhutubia kwa Kiingereza. Mama mkwe akamwangalia tu. Mke wangu akamwambia kwa upole, "Kaka, tuelezee kwa Kiswahili, mama asikie." Yule kijana akakwama. Akatabasamu, akasema "ni pweza... na muhogo," akaondoka. Wakuu, mtoto wa Kitanzania, Dar es Salaam, pweza na muhogo, ameshindwa kumweleza mama wa Pangani anachokula.

Pweza mwenyewe alikuwa wa baridi na anarudisha meno. Mama mkwe alitafuna, akatafuna, akakitoa kwa kitambaa kistaarabu na kusema, "Huyu hakupigwa." Hakuongeza neno.

Supu ya tui walikuja kuimimina mezani kutoka kwenye birika, kwa mbwembwe zote, ilhali ni vuguvugu. Ikaja nyama ya ng'ombe na mchuzi mweusi unaong'aa. Nikauliza mchuzi una nini. Kijana: "Ni wa kawaida tu." Nikamwomba akaulize jikoni. Akarudi: una mvinyo mwekundu. Sahani ya mama ikaondolewa, na kuku wake akafika sisi tumeshamaliza kula. Mtu mzima akala peke yake, sisi tunamtazama.

Dizati ilikuwa "kashata ya kisasa". Vipande vya karanga vimetawanywa na povu la nazi juu, na povu lilikuwa limeshanywea likabaki maji.

Bili hii hapa:

Kozi tano x 3: 555,000
Vinywaji vya matunda x 3: 66,000
Maji x 2: 28,000
Kahawa x 2: 20,000
Jumla: 669,000
Huduma 10%: 66,900
VAT 18%: 132,462
Jumla kuu: 868,362

Kwamba bei hazina VAT iliandikwa chini ya ukurasa wa mwisho kwa herufi za mchwa. Na angalieni, VAT imepigwa mpaka juu ya hiyo "huduma".

Meneja alikuja mwishoni, akasema pole, akaacha kikadi cha punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo, si Ijumaa wala Jumamosi.

Hela ninayo, sikukopa, na udogo wa chakula niliutarajia. Ninachouliza wenye uzoefu: mtu anayelipa bei hii analipia nini hasa? Nawasilisha.

#2 Kipanga_wa_Temeke

Hiyo ni karibu mifuko hamsini ya saruji mkuu. Umekula msingi wa nyumba 😂

#3 binti_wa_Mikocheni

Uzi wa chakula bila picha? Weka picha.

#4 Kipanga_wa_Temeke

Picha ya nini, povu limeshakuwa maji.

#5 Meza_ya_Dirishani

Nitatofautiana na wengi. Tatizo letu tunaingia kwenye migahawa hii na matarajio ya ubwabwa wa harusini. Mlo wa kozi ni utamaduni wenye historia yake. Wafaransa waliacha zamani kujaza meza nzima kwa mpigo, wakafuata mtindo wa Kirusi wa kuleta sahani moja baada ya nyingine. Miaka ya 1970 wapishi wao wakapunguza michuzi mizito na vipimo, wakataka kila kiungo kisikike. Michelin, hao hao wa matairi, walianza kuipa migahawa bora nyota mwaka 1926 na watu husafiri nchi hadi nchi kwa ajili ya sahani kumi ndogo.

Pweza anatakiwa awe na utafunaji kidogo. Na mvinyo ukichemka pombe yote inaruka, inabaki ladha. Labda mama mkwe angepelekwa sehemu anayoizoea.

#6 Mizani_Kamili

Meza_ya_Dirishani, soma tena. Sijalalamikia kipimo popote. Nimelalamikia baridi, ugumu, na neno nililosema kwenye simu likaishia kwenye simu.

Na hilo la mwisho uliache. Mama huyu amepika pweza tangu hujazaliwa. Mle ndani, aliyekuwa na haki zaidi ya kumpima yule pweza ni yeye.

#7 Kipanga_wa_Temeke

Naweka kambi hapa.

#8 Kisu_Butu

Wakuu, nimefanya kazi jikoni miaka mingi, kuanzia hoteli za Zanzibar hadi hiyo hiyo Masaki mnayoisema. Sasa hivi nina jiko langu dogo, sina ugomvi na mtu. Ngoja nieleze nionavyo, maana dalili zote alizozitaja mleta uzi naona zina chanzo kimoja.

Pweza. Ugumu wake unatokana na kolajeni, ile nyuzi inayoshika nyama. Watu wa pwani wanampiga mwambani, au wanamkausha, kisha wanamchemsha taratibu. Jikoni kwa Wazungu wengi humgandisha kwanza, kwa sababu barafu ikijijenga ndani inapasua nyuzi, kazi ileile ya kumpiga. Kisha unamchemsha kwa moto mdogo saa moja au zaidi mpaka kolajeni iyeyuke. Hii hufanywa asubuhi. Anawekwa kwenye friji, mteja akifika unamkata mkono mmoja unaupitisha kwenye mkaa dakika moja mbili, anatoka amebabuka nje na laini ndani. Sasa ukishamtoa mkaani ukamwacha anasubiri, anapoa, ile kolajeni iliyoyeyuka inaanza kushika tena. Kwa hiyo baridi na kurudisha meno vinaweza kuwa kosa moja. Ama kweli hakuiva tangu asubuhi, ama alikaa kaunta.

Povu ni hivyohivyo. Wanachukua tui jepesi, wanatia unga wa lesithini ya soya unaoshika povu, wanapiga na mashine. Mtindo huo ulipata umaarufu miaka ya 1990 kule Catalonia, Hispania, kwa mpishi Ferran Adrià wa elBulli, mgahawa uliofungwa mwaka 2011, na dunia nzima ikaiga. Lakini povu lina uhai wa dakika chache. Likiwekwa kwenye sahani lazima mhudumu awe amesimama pale anasubiri. Likifika maji maana yake sahani ilisubiri mtu.

Supu vuguvugu: ilisubiri. Kuku kuchelewa: karatasi ya oda haikuandikwa kuhusu mama, ndiyo maana walianza upya.

Mleta uzi, usiku ule kulikuwa na kundi kubwa? Meza ya watu ishirini hivi, siku ya kuzaliwa, kampuni?

#9 Mizani_Kamili

Kisu_Butu umeniogopesha. Kulikuwa na kundi, nadhani watu wa kampuni, walikuwa na hotuba na keki. Meza ndefu ile ya kwenye bustani.

#10 Kisu_Butu

Basi ndiyo hiyo. Menyu ya kozi tano inataka jiko lisilotikisika. Ukichukua kundi la watu ishirini na usiongeze mkono jikoni wala ukumbini, wapishi wanapanga sahani zote kwa pamoja, za kundi na zenu, kaunta inajaa, na wahudumu wote wako bustanini wanaimba "happy birthday". Mwenye mgahawa anajua hilo wakati anapokea hela ya kundi. Aliamua tu nani aumie, na mara nyingi ni meza ndogo isiyopiga kelele.

Kuhusu mvinyo kuruka wote, Meza_ya_Dirishani, hapana. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha ukichemsha dakika 15 inabaki asilimia 40 hivi ya pombe uliyoweka. Saa moja, asilimia 25. Saa mbili na nusu, asilimia 5. Na hata kama ingebaki sifuri, mtu kasema hataki, si kazi ya mpishi kumpigia mahesabu ya dini yake.

Mchuzi wa aina ile hupikwa ndoo nzima asubuhi. Huwezi kutengeneza mwingine saa tatu usiku. Ndiyo maana ile taarifa ya simu lazima ifike jikoni kabla ya saa nne asubuhi, wapike mchuzi pembeni kwa mifupa na vitunguu tu, usio na mvinyo. Ni kazi ndogo sana ukiijua mapema.

#11 Meza_ya_Dirishani

Hilo la asilimia nimejifunza, asante. Lakini bado nasema Dar tunawahukumu wapishi kwa ukali kuliko tunavyomhukumu muuza chipsi.

#12 Kipanga_wa_Temeke

Muuza chipsi hajawahi kunichaji huduma asilimia 10 mkuu. Na nikimwambia "usiweke pilipili" haweki. Bila kuandika popote.

#13 Trei_Mkononi

Nimesoma nikacheka na kuumia. Mimi ni mhudumu, si hapo, lakini mtaa ni uleule.

Huyo kijana msimlaumu sana. Tunapewa karatasi ya maneno ya kila sahani, kwa Kiingereza, tukariri. Chakula chenyewe wengi wetu hatujawahi kukionja. Kuna sehemu nimefanya kazi miezi mingi nikiisifia samaki ya 70,000 ambayo sikuwahi kuitia mdomoni. Mteja akiuliza nje ya karatasi, unasema "ni ya kawaida" kwa sababu ukirudi jikoni kuuliza wakati kumechafuka utarushiwa tusi.

Sehemu moja tu niliyowahi kufanya, kila jioni kabla ya kufungua mpishi alituwekea sahani mbili za menyu, kila mmoja kijiko chake, tunaonja, tunauliza. Anatuambia leo meza namba nne kuna mwenye mzio wa karanga, meza namba saba ni mzee haoni vizuri, mpelekeeni menyu na taa. Hapo hata Kiswahili kinakuja chenyewe, maana unaelezea kitu unachokijua.

Sasa hiyo huduma asilimia 10. Msidhani inatufikia yote. Kuna sehemu inagawanywa vizuri mwisho wa mwezi, jikoni na ukumbini. Kuna sehemu inakatwa vyombo vilivyovunjika. Na kuna sehemu hatujawahi kuiona, tunaisoma tu kwenye bili kama nyinyi. Ukitaka mhudumu apate, muulize kwa siri, kisha mpe mkononi.

#14 Mdau_wa_Peckham

Niko London. Huku wanaongeza 12.5% mara nyingi, ila ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe na hakuna atakayekununia waziwazi. Ugomvi wa mabosi kujilimbikizia ulikuwa mkubwa mpaka wakatunga sheria, ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024: tipu na hela ya huduma yote iende kwa wafanyakazi, mwajiri haruhusiwi kukata chake. Nina mdogo wangu anafanya kazi ya ukumbini, anasema kwake mabadiliko aliyaona.

Kingine, huku wakati wa kubuku wanakuuliza mzio na miiko, na ukikaa tu mezani mhudumu anarudia, "nimeona mmoja wenu hatumii pombe, mchuzi wake tumeutenganisha." Ni sentensi moja tu, na ndiyo inayofanya usione uchungu wa bili.

#15 Mwana_wa_Ngara

Nairobi tunasimama na nyinyi. Huku kwa risiti utapata VAT 16%, tourism levy 2%, halafu service charge 10% juu. Nilikula mahali fulani Westlands na mabosi, sahani inakuja kubwa kama ungo na chakula iko katikati. Lakini haki yao niwape: mhudumu alijua kila kitu, hadi ng'ombe alitoka ranchi gani. Nikalipa nikinung'unika, lakini nilirudi.

#16 Kipanga_wa_Temeke

"Chakula iko katikati" 😂 karibu sana jirani.

#17 Shangazi_Ukunda

Mimi wa Pwani ya Kenya. Hilo la pweza limenigusa. Mama yule kusema "huyu hakupigwa" kisha akanyamaza, hiyo ni adabu ya watu wetu, kwa sababu yeye ni mgeni na mkwewe ndiye amelipa. Mwanangu Mizani, hakikisha umemwambia hukukasirika kwa ajili yake. Watu wazima hubeba vitu hivi, asije akadhani ni yeye na miiko yake ndiye alowaharibia shughuli.

Halafu nawauliza hao wapishi wakubwa: pweza wa nazi aliyetulia, akaiva mpaka mchuzi ukageuka zambarau, ana kasoro gani hata avishwe muhogo uliopondwa kama uji wa mtoto?

#18 Kisu_Butu

Hana kasoro shangazi. Na hapo ndipo kuna jambo nililotaka kulisema. Migahawa mingi ya bei hii bado inaona vyakula vya pwani kama mapambo. Mwenye mali anatoka nje, anaajiri mpishi wa kutoka nje kwa mwaka mmoja, anaandika menyu, anaondoka. Vijana wanabaki na karatasi za vipimo bila aliyezielewa. Ukimwondoa yule aliyejua kwa nini povu liwepo, linabaki povu tu.

Bei pia ieleweke. Kanuni ya biashara hii ni vyakula vyenyewe vichukue kama theluthi ya bei. Nyama ndiyo inawauma zaidi, maana ng'ombe wetu wengi ni wa asili, wanatembea malisho mbali, nyama ina ladha lakini ngumu kwa kupika haraka. Wanaagiza Kenya au Afrika Kusini, na gharama inapanda. Kinachobaki ni pango la Masaki, umeme, dizeli ya jenereta, mishahara. Kwa hiyo 185,000 si lazima iwe wizi. Ila mleta uzi ameuliza analipia nini. Jibu langu: analipia watu wa kutosha, waliojiandaa, ili sahani isisubiri mtu. Usiku ule watu hao aliuziwa kwenye bei lakini hawakuwepo.

#19 Meza_ya_Dirishani

Hapo umeniweka sawa. Nimeshakula sehemu inayofanana na hiyo Jumanne, watu wachache, na ilikuwa safi. Labda ndiyo tofauti.

#20 binti_wa_Mikocheni

Kwa hiyo bado hakuna picha.

#21 Mizani_Kamili

Mrejesho, wakuu.

Shangazi, nimezungumza na mama. Kumbe ni kweli alikuwa amelibeba. Aliniambia alitaka kuula ule mchuzi tu akidhani hatutajua. Nimeishiwa maneno. Asante sana.

Niliwaandikia mgahawa barua pepe ndefu, bila matusi, nikaeleza saa niliyopiga simu na nilichosema, na kwamba kikadi cha punguzo hakinisaidii. Nikamtaja mhudumu kwamba sina tatizo naye, wasimguse. Leo meneja amepiga. Amekiri taarifa iliandikwa kwenye daftari la mapokezi na haikushuka jikoni. Wako tayari kurudisha hela ya sahani ya mama, 185,000 kamili, kwa simu. Huduma na VAT zake hawarudishi.

Nikubali au nikatae nidai zote?

#22 Trei_Mkononi

Kubali, lakini usikubali nusu nusu. Kama 185,000 imefutwa, asilimia 10 yake ni 18,500, na VAT ya hizo mbili ni 36,630. Jumla 240,130. Kisheria VAT haiwezi kubaki kwenye mauzo yaliyofutwa. Waambie watoe hati ya marekebisho ya ile risiti ya EFD (mashine ya kodi), wataelewa haraka sana unachomaanisha. Risiti unayo?

#23 Mizani_Kamili

Ninayo. Mke wangu ndiye CPA, mkuu, risiti haipotei nyumba hii. Yeye ndiye atakayewapigia kesho.

#24 Kipanga_wa_Temeke

Masaki mmeyatimba. Mmeingia anga za mhasibu aliyetoka kufaulu juzi.

#25 Mgeni_Njoo

Wakuu samahani nachomekea. Nina laki mbili, nataka kumtoa mchumba mwisho wa mwezi, sehemu yenye bahari na pweza laini. Tuko wawili, yeye anatokea Kigamboni. Nimpeleke wapi?

#26 binti_wa_Mikocheni

Fungua uzi wako mkuu. Na uweke picha.